Programu ya Kuchambulia Mahojiano: Timu Kubwa Ianzie Wapi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa miradi, wanukuzi, wasimbaji, na watafiti wenzangu wote mliofika: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Swali mliloniletea ni fupi. Mradi una mahojiano mengi na watu wengi wa kuyachambua. Tuchukue programu ipi? Nitazitaja programu kwa majina, sitawazungusha. Lakini kwanza tuupime mzigo wenyewe, maana timu nyingi huchagua chombo kabla ya kujua kitabeba nini.

Chukueni mradi wa mahojiano 120, kila moja la saa moja. Mtu akizungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa maneno kama 150 kwa dakika. Saa moja ni maneno 9,000, na mahojiano yote kwa pamoja yanapita maneno milioni moja. Mnukuzi mzoefu hutumia saa nne hadi sita kuandika saa moja ya sauti, kwa hiyo kabla uchambuzi haujaanza mmekwisha kutumia kati ya saa 480 na 720. Kisha wasimbaji wanane, yaani watu wanaosoma maandishi na kukibandika kila kipande jina la mada yake, ambalo ndilo tunaloliita msimbo, wanagawana maandishi hayo, mahojiano 15 kila mmoja.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Mtafiti wa peke yake mwenye mahojiano 15 huyabeba kichwani. Anamkumbuka mhojiwa wa nne alipocheka kwa uchungu, anakumbuka kwamba wa tisa alilipinga swali lenyewe. Katika timu ya wanane hakuna hata mmoja aliyesoma yote. Mmoja anapoandika msimbo wa “kukosa imani”, anaweza kuwa na maana ya kutomwamini daktari. Mwenzake wa meza ya pili anaandika msimbo uleule akiwa na maana ya kukata tamaa. Kwenye ripoti, vitu hivi viwili vitahesabiwa kuwa kimoja, na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo mimi naipima programu ya timu kubwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, itanionyesha mapema kwamba watu wangu hawaelewani? Rangi, chati, wingu la maneno, vyote hivyo ni vizuri, na wauzaji wanajua kuvionyesha. Ila mradi wa watu wengi huharibika kwenye tofauti za maana zilizofichika, na hizo ndizo chombo kinapaswa kuziibua.

Ni vyema kujua programu hizi zilitoka wapi, kwa sababu asili yake bado inaonekana ndani yake. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha La Trobe huko Melbourne, Lyn Richards na Tom Richards walianza kutengeneza NUD*IST, mama wa programu tunayoiita NVivo leo. Mwaka 1989 Udo Kuckartz alitoa MAX nchini Ujerumani, ambayo baadaye ikawa MAXQDA. Mwaka huohuo mradi wa ATLAS ulianza katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na kutokana nao Thomas Muhr akatoa ATLAS.ti. Zote tatu zilizaliwa kabla intaneti haijaenea maofisini. Msingi wake ukawa faili moja ya mradi, inayofunguliwa na mtu mmoja, kwenye kompyuta moja. Kazi ya timu ilikuja kuongezwa juu ya msingi huo, na kila kampuni iliiongeza kwa njia yake. Ndiyo maana neno “ushirikiano” kwenye tangazo halitoshi. Ulizeni ni ushirikiano wa namna gani.

Namna ni mbili, na hapa nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni kila msimbaji kuwa na nakala yake ya mradi, kisha nakala zote zinaletwa kwa mtu mmoja anayeziunganisha. Njia hii haihitaji intaneti ya kudumu, haiweki data kwenye mashine ya mtu mwingine, na inamwezesha kila mmoja kusimba bila kuchungulia kazi ya mwenzake. Lakini inadai nidhamu kali. Tuseme msimbaji ameona kosa dogo la tahajia kwenye maandishi ya mahojiano na akalirekebisha kwa nia njema kabisa katika nakala yake. Siku ya kuunganisha, programu inaona matini mbili zisizolingana. Badala ya kuweka misimbo ya watu wawili juu ya andiko moja, inaweza kuleta mahojiano mawili yenye jina moja, kila moja na misimbo yake, na mtu akakaa siku nzima kuyapatanisha kwa mkono. Marekebisho ya maandishi yafanyike kabla ya kugawa nakala. Baada ya hapo matini zifungwe, na atakayeona kosa aliandike kwenye dokezo.

Misimbo mipya nayo ina mtego wake. Mmoja ameongeza “gharama za usafiri”, mwingine “nauli”, wa tatu “umbali na fedha”. Programu haijui kwamba ni ndugu. Itaipokea yote, na baada ya miunganisho michache mti wa misimbo unakuwa msitu.

Namna ya pili ni wote kuingia kwenye mradi mmoja ulio kwenye seva au kwenye huduma ya wavuti. Dedoose ilijengwa hivyo tangu mwanzo, ATLAS.ti ina toleo lake la wavuti, na NVivo na MAXQDA zina huduma za ziada za timu. Huku hakuna siku ya kuunganisha. Kiongozi anaweza kuona kila jioni kazi imefika wapi, na msimbo mpya unaonekana kwa wote. Kwa timu iliyotawanyika mbali hili ni jambo kubwa. Gharama yake ni kwamba intaneti ikikatika kazi husimama, na kwamba msimbaji anayeona misimbo ya mwenzake pembeni huvutwa kukubaliana naye hata kama hakukusudia. Kama mnataka kupima uelewano wa wasimbaji, ulizeni kama programu inaweza kumfichia mmoja kazi ya mwenzake. Isipoweza, hicho mtakachokipima hakitakuwa uelewano.

Halafu kuna suala la usalama wa kazi yenyewe. Mwezi Mei 2014 huduma moja maarufu ya wavuti ya aina hii ilianguka, na watafiti wengi wakapoteza wiki kadhaa za usimbaji. Sisemi hili kuwatia hofu kuhusu wavuti. Kompyuta mpakato nazo huibiwa na huungua. Nasema ili nakala rudufu iwe kazi yenye jina la mtu: kila Ijumaa, fulani anatoa nakala kamili ya mradi, anaiandika tarehe na kuiweka mahali pengine palipo salama. Mtoa huduma akisema nakala anazo yeye, mshukuruni, kisha mtengeneze za kwenu.

Na tafadhali, msiweke faili ya mradi inayotumika kwenye folda inayojilandanisha yenyewe na wavuti, kama Dropbox au OneDrive, mkafungua watu wawili kwa wakati mmoja mkidhani mmepata ushirikiano wa bure. Faili za programu hizi ni hifadhidata. Huduma ya kulandanisha inainakili nusu ikiwa bado inaandikwa, na faili inaharibika. Folda hiyo itumieni kupitishia nakala zilizofungwa, basi.

Sasa nije kwenye kitabu cha misimbo, yaani orodha ya misimbo yote na maana zake, ambacho kwangu kina uzito kuliko programu yoyote nitakayoitaja. Mwaka 1998 Kathleen MacQueen na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, walieleza muundo ambao hadi leo sijaona wa kuushinda kwa kazi ya timu: kila msimbo uwe na jina, maelezo mafupi, maelezo kamili, wakati wa kuutumia, wakati wa kutoutumia, na mfano kutoka kwenye data. Tazameni hicho kipengele cha wakati wa kutoutumia. Ndicho timu nyingi hukiruka, na ndicho kinachookoa muda. “Kukosa imani” usitumike pale mhojiwa anapozungumzia kukata tamaa. Huko tumia msimbo fulani. Sentensi moja kama hiyo inazuia mkanganyiko niliousema mwanzoni.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kitabu cha misimbo kiwe na mlinzi mmoja. Wasimbaji wote wapendekeze, wote wabishane, lakini mkono unaobadilisha uwe mmoja, na kila badiliko liandikwe tarehe na sababu. Kwa hiyo mnapoijaribu programu, tazameni maelezo ya msimbo yanakaa wapi. Je, msimbaji akiwa katikati ya kazi anaweza kuyaona bila kuacha anachosoma? Kitabu kizima kinatolewa kwa mbofyo mmoja kikasomeka kwenye karatasi? Inawezekana kumruhusu msimbaji kutumia misimbo huku akizuiwa kuifuta au kuibadilisha jina? Hayo ni mambo madogo katika kipeperushi cha tangazo, lakini yatakuwa kazi yenu ya kila siku kwa miezi mingi.

Kuhusu kupima uelewano kwa tarakimu, kuna mazoea ambayo hayanipendezi. Programu nyingi zitawapa kipimo cha uelewano kiitwacho kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, au kingine cha aina hiyo, alfa ya Klaus Krippendorff; katika vyote viwili, 1 ni uelewano kamili. Krippendorff mwenyewe anapendekeza 0.80 kama kiwango cha kutegemewa, na 0.667 kama mpaka wa chini kwa hitimisho la tahadhari. Watu hukimbilia kuandika tarakimu hiyo kwenye ripoti bila kujua programu imeipataje. Zipo zinazolinganisha herufi kwa herufi, zipo zinazolinganisha vipande vinavyoingiliana, na majibu hutofautiana kwa data ileile. Ukipima kwa asilimia za herufi, wasimbaji wawili ambao wote wameacha sehemu kubwa ya andiko bila msimbo wataonekana kuelewana sana, kwa sababu wamekubaliana kuhusu yale ambayo hawakuyagusa. Someni maelezo ya hesabu kabla ya kuiamini.

Tena si kila uchambuzi unahitaji kipimo hicho. Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao njia yao ya uchambuzi wa dhamira, yaani ya kutafuta mada zinazojirudia kwenye data, ya mwaka 2006 imetumika mno duniani, wameeleza wazi kwamba katika uchambuzi wa tafakuri mtazamo wa msimbaji ni sehemu ya kazi, na kuulazimisha ufanane na wa mwenzake ni kwenda kinyume na njia yenyewe. Timu iamue imesimama wapi kabla ya kununua. Kama mko kwenye njia ya tafakuri, msilipie moduli ya kappa. Tafuteni programu yenye memo nzuri, yaani madokezo ya mawazo ya msimbaji, zinazounganishwa na kipande cha maandishi na kubeba jina la aliyeandika. Vyovyote mtakavyoamua, thamani iko kwenye kikao cha kukaa na sehemu mlizotofautiana, mkizisoma kwa sauti mstari kwa mstari. Programu itakayowapa orodha ya sehemu hizo kwa haraka imewasaidia kuliko ile inayotoa tarakimu tu.

Jambo jingine ambalo mradi mkubwa unalihitaji kuliko mdogo ni jedwali. Huko Uingereza, katika miaka ya 1980, Jane Ritchie na Liz Spencer waliunda njia ya uchambuzi wa fremu, ambapo kila mhojiwa ana safu yake mlalo na kila mada ina safu yake wima, na ndani ya kisanduku mnaandika muhtasari wa alichosema. Kwa mahojiano 120 sijui njia nyingine inayowafanya watu wanane waone picha nzima bila kupoteza mtu mmoja mmoja. NVivo na MAXQDA zina zana za kutengeneza jedwali la namna hiyo huku kila kisanduku kikibaki kimefungwa na maneno ya asili ya mhojiwa. Kama njia yenu ni hiyo, jaribuni sehemu hii kabla ya nyingine yoyote.

Linaloambatana na hilo ni sifa za wahojiwa: umri, jinsia, kazi, eneo, mzunguko wa mahojiano. Msiziingize kwa mkono moja moja. Tengenezeni lahajedwali, kila mhojiwa mstari wake, halafu mliingize lote kwa mara moja. Hilo litawezekana tu kama majina ya faili yamefuata utaratibu mmoja tangu siku ya kwanza. Nawasihi mwaite mnukuzi kwenye kikao cha kupanga majina hayo. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuigusa data, na mara nyingi ndiye mtu wa mwisho kuulizwa.

Programu za bure ninazithamini na nataka zipewe nafasi ya haki. Taguette ni programu huria, yaani msimbo wake wa kompyuta uko wazi kwa yeyote, inafanya kazi kwenye kivinjari, na watu kadhaa wanaweza kusimba mradi mmoja kwa wakati mmoja. Mtu asiye na uzoefu huielewa upesi sana. Ila ni ya maandishi tu, na zana zake za kuhoji data ni chache. QualCoder, aliyoitengeneza Colin Curtain, nayo ni huria, inabeba maandishi, picha, sauti na video, na inalinganisha wasimbaji. Inataka mtu mwenye ujasiri kidogo wa kompyuta awepo karibu. Kwa mradi wa mahojiano 20 na watu watatu ningeanzia hapo bila wasiwasi. Kwa 120 na wanane, ningehakikisha kwanza nani atasaidia mambo yakikwama usiku wa kuamkia tarehe ya ripoti.

Programu ya bure inaweza pia kuachwa. RQDA, iliyotumika ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ilipendwa na wengi, kisha ikaondolewa kwenye ghala kuu la vifurushi vya R, CRAN, na kuisakinisha kukawa shida. Za kulipia nazo hazina uhakika wa milele: NVivo na ATLAS.ti, zilizoshindana kwa miongo, tangu 2024 ziko chini ya mmiliki mmoja, Lumivero. Bei, leseni na mipango ya matoleo hubadilika kwa uamuzi wa watu ambao hawajui mradi wenu upo.

Kwa sababu hiyo ulizeni mlango wa kutokea kabla ya kuingia. Tangu 2019 kuna kiwango cha pamoja kinachoitwa REFI-QDA, chenye faili ya mwisho wa qdpx, kinachowezesha mradi kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine pamoja na maandishi, misimbo na vipande vilivyosimbwa. NVivo, ATLAS.ti, MAXQDA, Dedoose na QualCoder ni miongoni mwa zinazokitambua. Hakibebi kila kitu. Chati na maswali mliyoyajenga ndani ya programu husika yatabaki nyuma. Chukueni mahojiano mawili yaliyosimbwa, yahamisheni, yafungueni upande wa pili, mhesabu kilichofika. Na mumuulize muuzaji: leseni ya mwaka ikiisha, tutaweza kuufungua mradi wetu walau kuusoma?

Akili mnemba lazima niiseme, kwa kuwa tangu 2023 programu zote kubwa zimeanza kuiweka ndani, na mkuu wa fedha atawauliza kwa nini bado mnahitaji wasimbaji wanane. Swali la kwanza ni maneno ya mhojiwa yanakwenda wapi mnapobonyeza kitufe hicho. Mara nyingi yanatumwa kwenye seva ya kampuni ya tatu. Fomu ya ridhaa aliyotia saini mhojiwa ilimwambia hivyo? Kama haikumwambia, kitufe kizimwe mradi mzima, na kiongozi ahakikishe kimezimwa. Kwenye unukuzi kuna njia salama zaidi: Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inaweza kusakinishwa na kufanya kazi kwenye kompyuta yenu bila intaneti. Lakini usahihi wake hushuka kwa lugha ambazo ilifunzwa kwa sauti chache, na imewahi kuonekana ikibuni sentensi pale mzungumzaji aliponyamaza. Ukimya wa mhojiwa ni data, hasa kwenye mambo mazito. Mnukuzi asikilize sauti yote, neno kwa neno, hata kama mashine imeshaandika.

Kwenye usimbaji, mimi ningeiruhusu mashine itafute na ifupishe, kisha mtu arudi kwenye maandishi. Kuipa nafasi ya msimbaji wa pili siwezi kukubali. Msimbaji wa pili ni mtu unayekaa naye na kubishana, anayeweza kukuambia kwamba ulimsikia vibaya yule mama.

Na kabla maandishi hayajaingia kwenye programu yoyote, ya wavuti au ya mezani, majina ya watu na ya mahali panapoweza kumtambulisha mhojiwa yaondolewe, na ufunguo wa majina ukae peke yake, mbali na mradi. Kuyafuta baadaye, yakiwa yameshasambaa kwenye nakala nane, ni kazi isiyokamilika.

Mnaniuliza nitachagua ipi. Kwa timu ya wanane iliyo katika jengo moja, yenye intaneti isiyotabirika na data nyeti, ningechukua MAXQDA au NVivo kwenye kompyuta zao, wote toleo moja, na siku moja ya wiki ya kuunganisha. Kwa timu iliyotawanyika, yenye ridhaa na kibali cha maadili kinachoruhusu, ningechukua ya wavuti na nakala rudufu ya kila wiki. Angalieni pia kompyuta za watu wenu. Mchanganyiko wa Windows na Mac umewahi kuwa usumbufu mkubwa kwa NVivo, ambayo kwa miaka mingi faili zake za upande mmoja hazikufunguka upande wa pili bila kugeuzwa.

Lakini msinifuate mimi. Nyingi za hizi zina kipindi cha majaribio. Chagueni mbili, chukueni mahojiano kumi ya kweli yaliyoondolewa majina, na watu watatu, mmoja wao awe yule anayeogopa kompyuta kuliko wote. Wasimbe, waunganishe, mmoja abadilishe kwa makusudi jina la msimbo, mwingine arekebishe neno kwenye maandishi, muone kinachotokea. Watoe jedwali la mada tatu. Wahamishe mradi kwa qdpx. Kisha muulizeni yule mwoga wa kompyuta kwanza, kabla ya mkuu wa mradi kusema lolote, ni wapi alikwama.

Nawakaribisha kwa maswali, na mwenye faili iliyogoma kuunganishwa aje nayo, tutaitazama pamoja.